Kwa nini fandesheni inanigeuza jivu? Tunaojifunza kujipamba wenyewe tukutane hapa

#1 Nuru_wa_Kimara

Habari zenu wadau.

Mwaka huu nimeamua kujifunza kujipaka mekapu mwenyewe. Sherehe haziishi: sendofu, kichen pati, harusi, komunyo, mahafali ya chekechea, na kila moja mpambaji anataka hela yake, bado foleni ya saluni tangu asubuhi. Nimenunua vya kuanzia: fandesheni ya maji, poda, penseli ya nyusi, maskara, sponji na lipstiki.

Nyusi zimeanza kukaa. Kinachonitesa ni fandesheni. Nikimaliza kupaka napendeza, nusu saa haijaisha uso umekuwa jivu. Sisemi mweupe, nasema jivu. Shingo ina rangi yake, uso una rangi ya mtu aliyetoka kulazwa. Na dukani Kariakoo muuzaji alinipima mgongoni mwa mkono, ikazama kabisa, hata haionekani.

Mimi ni mweusi hasa, sio maji ya kunde. Rafiki yangu anasema ngozi nyeusi tii haikubali fandesheni, nibaki na poda na mafuta ya mdomo. Mimi nakataa, mbona wapambaji wanatupaka na tunatoka vizuri? Nani anajua sababu?

#2 Mtoto_wa_Geti_Kali

Nimekaa mstari wa mbele kabisa. Hata mimi jivu linanihusu.

#3 Kungwi_wa_Sinza

Nuru, mwambie rafiki yako ngozi inayokataa fandesheni haijazaliwa. Nimepamba mabibi harusi weusi tii, na picha zao ndizo ninazowaonyesha wateja kwanza.

Tatizo lipo kwenye kupima. Mgongo wa mkono unapigwa jua kila siku, una rangi yake, haufanani na uso. Ukienda dukani chora mistari mitatu ya namba tofauti kuanzia taya kushuka shingoni, kisha toka nje. Mle ndani kuna taa nyeupe zinadanganya. Mstari unaopotea juani ndio wako.

Halafu weusi haufanani. Kuna mweusi ambaye chini ya ngozi yake kuna wekundu, kuna mwenye unjano wa dhahabu, kuna ambaye weusi wake unaelekea bluu. Mwenye wekundu au dhahabu akipaka fandesheni isiyo na joto hilo anakuwa jivu, hata kama ukolezi ni ule ule. Wale wa video wanaowaambia mtazame rangi ya mishipa upande wa ndani wa kifundo cha mkono msiwasikilize sana, kwa ngozi zetu wengi hiyo mishipa haionekani vizuri.

#4 Fundi_Spei_Gerezani

Mimi ni mwanaume na sijawahi kupaka mekapu, ila kazi yangu ni kuchanganya rangi za magari, na hili la jivu nalijua. Kahawia iliyokolea ukiitia nyeupe haiwi nyepesi tu, inapoa, uhai unatoka. Ukitaka iwe nyepesi na bado iwe na uhai lazima uongeze njano na nyekundu pamoja na ile nyeupe. Mtengenezaji mvivu anachukua rangi aliyomtengenezea mtu mweupe, anaongeza nyeusi, anaandika "chokoleti" kwenye chupa. Nyeusi ndani ya nyeupe inatoa jivu, hapo hakuna muujiza.

Dada Nuru, weka tone kwenye karatasi nyeupe, liache likauke, liangalie mchana. Ukiona kahawia yenye wekundu au dhahabu, chupa yako ni nzima. Ukiona imefifia kama saruji, jivu ulilinunua dukani.

#5 Mtoto_wa_Geti_Kali

Jamani mpaka mafundi wa Gerezani wamefika! Kaka, tukimaliza fandesheni utatupiga na klia, ile rangi ya mwisho ya kung'arisha gari?

#6 Fundi_Spei_Gerezani

Nyie si mnapaka praima kwanza, ile ya kuandaa kabla ya rangi? Na sisi pia. Na ile dawa mnayojipulizia mwishoni ili ishike, hiyo ndiyo klia yenu. Kazi ni moja, ila mteja wangu hatoki jasho.

#7 Dawa_Morogoro

Mfamasia hapa. Fundi #4 amegusa penyewe. Nyeupe inayotumika kwenye fandesheni inaitwa titaniamu dioksaidi. Rangi nyingine ni oksaidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Fandesheni nyingi mno zimejengwa kwa hizo nne, kinachobadilika ni vipimo. Titaniamu inapendwa kwa sababu inafunika sana, lakini ikiwa nyingi juu ya ngozi nyeusi inaacha utando mweupe ambao macho yetu yanausoma kuwa kijivu. Kwa mtu mweupe utando huo huo hauonekani, kwa hiyo yeye halijui tatizo hili.

Ila kabla hatujailaumu chupa: unapaka nini chini yake? Mafuta ya kukinga jua yanayotumia madini yana titaniamu hiyo hiyo, au zinki oksaidi. Ukija na sponji juu yake yanachanganyika na fandesheni. Unaweza kuwa na namba sahihi kabisa, ukaichafua mwenyewe.

#8 Nuru_wa_Kimara

Asanteni sana, sikutegemea mje wengi hivi.

Mfamasia #7, ndiyo, natumia mafuta ya kukinga jua ya dada yangu, SPF 50, yanabaki meupe kwa muda kabla hayajaingia. Fundi, tone nimeliweka kwenye karatasi, nasubiri kesho mchana. Na juu ya fandesheni namalizia na ile poda nyeupe isiyo na rangi, imeandikwa inafaa ngozi zote.

#9 Kungwi_wa_Sinza

Basi tumemshika mchawi. Hiyo poda! Isiyo na rangi kwenye kopo, kwenye uso mweusi inayo, tena inaonekana. Nyingi zina silika, unga laini wa madini, na silika ukipigwa picha na flashi inarudisha mwanga wote. Mmeshaona picha za watu maarufu duniani wakiwa na vumbi jeupe chini ya macho? Ni hilo hilo, na wale wana wapambaji wa kulipwa.

Tafuta poda yenye rangi. Ya njano ile wanayoiita banana weka chini ya macho tu, na kidogo. Uso uliobaki tumia ya kahawia inayokaribia ngozi yako, na si uso mzima: paji, pembeni mwa pua, kidevu, basi. Mashavu yaache yapumue. Kabla hujatoka nyumbani jipige picha moja gizani ukiwa na flashi, itakwambia ukweli wote.

#10 Wambui_Rongai

Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma zote na kuna swali mmeliruka. Nuru amesema anapendeza KWANZA, halafu inageuka baada ya nusu saa. Kama ni titaniamu ama namba mbaya ama poda, si angekuwa jivu tangu dakika ya kwanza?

Mimi ngozi yangu ina mafuta mengi sana. Nilikuwa nanunua fandesheni pale Dubois Road, naiona iko sawa, nikifika nyumbani imekuwa rangi ingine. Dada wa duka moja akaniambia inaharibiwa na hewa ikikutana na mafuta ya ngozi. Tangu hapo napakwa kwa taya, natembea mjini, nakunywa chai pole pole, kisha naangalia kioo. Kama bado iko sawa ndio narudi kulipa.

#11 Dawa_Morogoro

Wambui, swali lako ni zuri na sikulijibu. Ila maelezo ya hewa yana kasoro: nyekundu na njano za chuma tayari zimeshakula oksijeni yote ziliyoweza kula, hazipati kutu mara ya pili usoni kwako. Linaloelekea zaidi ni kwamba fandesheni nyingi zina silikoni nyepesi inayoruka. Ikiruka, rangi inabaki imejikusanya. Mafuta ya ngozi nayo yanalowesha chembe za rangi zikaonekana nzito. Lakini kwa njia hiyo mtu anaishia kukolea au kuwa wa chungwa. Jivu sioni linatokea wapi.

#12 Wambui_Rongai

Mfamasia, kemia ni yako lakini uso ni wangu. Iligeuka, na iligeuka kijivu. Si mimi peke yangu, dadangu pia.

#13 Bi_Mkunazini

Asalaam aleykum. Nyiye watoto mnahangaika na chupa, ngozi yenyewe mmeiandaa? Sisi Unguja bibi harusi anasuguliwa singo siku kadhaa kabla hajaguswa na rangi yoyote: asumini, mawaridi, langilangi, karafuu, liwa. Ngozi ile kavu ya juu inatoka yote. Siku ya siku hata akipakwa poda ya bei ya chini inakaa.

Uso usiosuguliwa una magamba madogo usiyoyaona kwa macho. Fandesheni ikiwa mbichi inayalaza, ndiyo maana mwanangu Nuru unapendeza kwanza. Ikikauka yanasimama tena, na ngozi kavu iliyosimama juu ya weusi ni nyeupe. Hilo ndilo jivu lako. Na mpenzi Wambui jibu lako ndilo hilo hilo, hata ngozi ya mafuta ina magamba.

#14 Dodoma_Kavu

Bi Mkunazini #13 naunga mkono kwa mikono miwili. Nilihamia Dodoma nikitokea Tanga, fandesheni ile ile, namba ile ile, nikaanza kuwa jivu. Kilichobadilika ni hewa. Huku kiangazi ngozi inapauka ukiwa bado unajifuta maji. Sasa nanawa, napaka mafuta uso ukiwa bado na unyevu, nafanya kazi nyingine karibu robo saa, ndipo narudi kwenye kioo.

#15 Picha_za_Arusi_Tanga

Mimi ni mpiga picha. Nuru, hilo jivu umeliona kwenye kioo au kwenye simu? Nauliza kwa sababu simu nyingi zinakuja na filta ya urembo imewashwa, inalainisha na kung'arisha uso peke yake. Shingo inaiacha. Na kamera inapokisia rangi ya taa ikikosea, ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza, inavutwa kuelekea bluu. Nimeona bibi harusi analia saluni kwa ajili ya picha ya simu, nimemtoa nje kwenye mwanga wa dirisha, uso uko sawa kabisa.

#16 Nuru_wa_Kimara

Kote kote. Kioo cha chumbani na simu.

#17 Picha_za_Arusi_Tanga

Chumbani una taa gani?

#18 Nuru_wa_Kimara

Ile nyeupe ya LED.

#19 Picha_za_Arusi_Tanga

Nilijua. Sogea dirishani, mwanga ukupige usoni, usikae ukiupa mgongo. Usijifunze kujipamba chini ya taa hiyo, kila kitu utakiona kimepauka halafu utaongeza rangi kupita kiasi.

#20 Chausiku_Mbagala

Niulize jambo ambalo wengi wanalikwepa, na ninauliza kwa upendo. Nuru, umewahi kutumia mkorogo, hata zamani?

Nina ndugu yangu wa karibu aliyetumia krimu zenye hidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, miaka mingi. Mashavu yake yaliishia kuwa na kijivu cha bluu kisichotoka. Kila fandesheni aliyopaka ilitoka jivu, akawa anabadilisha chupa kila mwezi, kumbe rangi inatoka ndani ya ngozi. Daktari wa ngozi alimweleza kuwa inaitwa okronosisi, inaletwa na dawa ile ile aliyokuwa anaipaka ili awe mweupe, na alivyoona madoa akazidi kupaka. Hakuna mpambaji atakayelitibu hilo. Mwenye dalili hizo aache kupaka na aende hospitali yenye daktari wa ngozi. Kwa wa kaskazini, KCMC Moshi kuna kituo kizima cha kufundishia madaktari wa ngozi.

#21 Mtoto_wa_Geti_Kali

Chausiku mwenzetu kasema yeye ni mweusi hasa, mkorogo umetokea wapi tena?

#22 Nuru_wa_Kimara

Sijachukia. Sijawahi kutumia, mama yangu alitukataza tangu wadogo. Lakini afadhali umelisema, kuna anayesoma kimya kimya na linamhusu.

#23 Chausiku_Mbagala

Asante kwa kunielewa. Niongeze tu: zingine zina zebaki, na hiyo inapita kwenye ngozi na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulizitaka nchi ziondoe vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2020, na bado vinazunguka. Ukiona neno "mercury", "mercurous" au "calomel" kwenye kopo, liache hapo hapo dukani.

#24 Mdau_wa_Soko

Je, mtu akiuziwa kipodozi anachokitilia shaka anaripoti wapi, TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa?

#25 Dawa_Morogoro

TFDA haipo tena kwa jina hilo. Mwaka 2019 masuala ya chakula na vipodozi yalihamishiwa TBS, shirika la viwango, na TFDA ikawa TMDA, inabaki na dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo kwa Bara vipodozi ni TBS. Zanzibar ni ZFDA, na Kenya Wambui atusaidie.

#26 Wambui_Rongai

Kwetu ni KEBS, shirika la viwango la Kenya, tafuta alama yao kwa paketi.

Na kuna alama ingine wengi hawaijui: kijikopo kilichofunguliwa mfuniko, ndani kimeandikwa 6M, 12M ama 24M. Hiyo ni miezi ambayo kitu kinafaa kutumika TANGU ukifungue. Fandesheni ikijitenga, maji juu na uji chini, hata ukitikisa, ama ikinuka kama rangi ya nyumba, imeenda. Usijifunzie na hiyo, utalaumu mkono wako bure.

#27 Zuhura_Ilala

Ndiyo maana mimi namshukuru Rihanna. Kabla ya Fenty Beauty, kampuni yake ya vipodozi, 2017 hakuna kampuni iliyowahi kumtengenezea mtu mweusi fandesheni. Tulikuwa tunasukumiwa mabaki.

#28 Binti_Ruwi

Zuhura, nampenda Rihanna lakini hapo umewasahau waliotangulia. Fashion Fair ilianza Marekani 1973 mahususi kwa wanawake weusi, ilitoka kwa familia ya Johnson waliokuwa na jarida la Ebony. Wanamitindo kwenye maonyesho yao walikuwa wanachanganya fandesheni wenyewe kwa sababu hakuna namba iliyowafaa. Halafu Iman, mwanamitindo Msomali, alianzisha ya kwake 1994. Alichofanya Fenty ni kutoka siku moja na namba 40, weusi sana na weupe sana kwa mkupuo, na hapo kampuni kubwa zikaona aibu. Na mwaka 2014 mwigizaji Lupita Nyong'o alishakuwa uso wa Lancôme, kampuni ya vipodozi ya Ufaransa.

Mimi niko Maskati. Huku maduka yana namba nyingi lakini za weusi zinawahi kuisha au zinaletwa mbili tatu tu. Naagiza mapema.

#29 Zuhura_Ilala

Nimekubali, asante. Sasa kwa Nuru mwenye joto chini ya ngozi, akinunua fandesheni za kampuni ya MAC achukue namba zinazoanza na NW, W ni ya joto.

#30 Kungwi_wa_Sinza

Hapana Zuhura, hapo watu wengi wanapotea. Kwa MAC ni kinyume na unavyotegemea: NC wanawapa wenye unjano na dhahabu, NW wenye wekundu wa waridi. Kampuni nyingine herufi zina maana nyingine. Usinunue kwa herufi, nunua kwa taya.

#31 Nuru_wa_Kimara

Wadau, nimerudi na majibu. Nimejaribu kimoja kimoja ili nisijichanganye.

Karatasi ya Fundi: imekauka kahawia, lakini haina wekundu wowote. Imepoa.

Bila mafuta ya kukinga jua: mashavu yamekuwa mazuri mno, paji la uso bado jivu.

Bila poda nyeupe: paji limepungua jivu, lakini nilipofika kituo cha mwendokasi pua imeshayeyuka.

Nikajisugua uso, nikapaka mafuta, nikasubiri kama Dodoma #14 alivyosema: imekaa laini kuliko siku zote. Paji bado.

Haya mnaniambiaje?

#32 Kungwi_wa_Sinza

Nakwambia paji lako lina namba yake! Sisi wengi paji na kuzunguka mdomo ni peusi kuliko mashavu. Fandesheni ya shavu ukiipandisha kwenye paji inakuwa nyepesi kwa pale, na nyepesi juu ya cheusi ndiyo jivu. Nunua ya pili iliyokolea zaidi, ndogo, uiweke pembeni mwa uso wote kuzunguka nywele hadi taya, na ya kwanza ibaki katikati.

#33 Fundi_Spei_Gerezani

Kabla hajanunua ya pili, airekebishe ya kwanza. Amesema imepoa. Aitie joto: tone dogo mno la nyekundu au chungwa. Gari zima linabadilika kwa tone.

#34 Zuhura_Ilala

Kaka usije ukamwambia atie rangi ya gari!

#35 Fundi_Spei_Gerezani

Mungu apishe mbali. Nyie hamna rangi za namna hiyo?

#36 Binti_Ruwi

Zipo, kuna vitone vya kurekebishia rangi. Asiyenavyo apake konsila, ile krimu ya kufichia madoa, ya chungwa nyembamba sana pale panapotoka jivu, iliyokolea kwa weusi, aigongegonge iishe, ndipo fandesheni ije juu. Chungwa inaua bluu na zambarau, weusi wa chini ya macho tunaufunika hivyo hivyo. Wengine wanatumia lipstiki nyekundu kwa kazi hiyo, mimi naona inatoka juu baada ya saa mbili.

#37 Dawa_Morogoro

Mimi bado nayatazama mafuta ya jua. Asiyaache, jua letu linaongeza madoa. Abadilishe aina, achukue yasiyo ya madini, au yenye rangi ya kahawia. Mashavu yameshatoa ushahidi.

#38 Bi_Mkunazini

Na paji limetoa ushahidi gani, mfamasia? Paji ndipo mafuta ya nywele yanaposhuka. Mwanangu Nuru, nywele unapaka nini?

#39 Nuru_wa_Kimara

Jeli ya kulaza nywele za mbele, Bi Mkubwa. Ikikauka inaacha unga mweupe kidogo…

#40 Mtoto_wa_Geti_Kali

Hahahaa! Bi Mkunazini apewe ofisi.

#41 Dawa_Morogoro

Nakubali hilo sikuliwaza. Ila unga wa jeli ungekaa kwenye mstari wa nywele, usingeshuka hadi katikati ya paji.

#42 Wambui_Rongai

Unless umesahau sponji husafiri. Inatoka huko juu inashuka nayo.

Samahani, "isipokuwa". Mdomo wa Nairobi.

#43 Kungwi_wa_Sinza

Wakati mnabishana mimi nimpe mwanafunzi wetu kazi. Nuru, wewe ni mgeni wa kazi hii, usibebe yote kwa pamoja. Wiki hii shika fandesheni peke yake. Jifunze jioni, kazi zimeisha, unajua utanawa, hapo mkono hautetemeki. Lakini lile jaribio la rangi lifanye mchana.

Sponji ilowe maji, uikamue mpaka isidondoke hata tone. Sponji kavu inakunywa fandesheni yako yote na kuacha mistari. Weka kidogo sana mgongoni mwa mkono, chukua na sponji, anzia katikati ya uso pembeni mwa pua, gonga kwenda nje. Usiburuze. Kuburuza kunainua ile ngozi kavu ya Bi Mkunazini. Ukifika taya endelea kushuka shingoni na kile kilichobaki tu kwenye sponji. Pale penye rangi nzuri yako ya asili paache. Wanaoanza wanadhani kazi ya fandesheni ni kufunika uso, wakati kazi yake ni kusawazisha sehemu chache zilizotofautiana, na mtu mwenye ngozi safi kama unavyoeleza anaweza kuhitaji robo ya anachopaka. Nimeona wasichana wengi ambao jivu lao lilikuwa wingi tu. Tabaka la kwanza zuri, la pili linapoteza uso, la tatu msiba.

Na tumia hata kidole. Kidole kina joto, kinaiyeyusha rangi ikaingia.

#44 Dodoma_Kavu

Kidole safi tafadhali.

#45 Chausiku_Mbagala

Na brashi safi. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 ule ugonjwa wa macho mekundu? Mtaani kwetu kuna nyumba walishea penseli ya wanja wakaugua wote. Maskara na wanja havishewi, hata na mdogo wako wa tumbo moja. Kwenye saluni ukiona brashi ile ile inatoka jicho la mwenzako inakuja lako, sema.

#46 Zuhura_Ilala

Mimi naenda kupambwa na wanja wangu mkobani. Mwanzoni wapambaji wananuna, wanazoea.

Brashi mnaosha na nini? Mimi sabuni ya kuoshea vyombo.

#47 Kungwi_wa_Sinza

Kwa sponji sawa, inatoa mafuta. Brashi za manyoya shampuu ni laini zaidi. Osha ncha tu, maji yasiingie pale manyoya yanaposhikana na chuma, gundi italegea. Zilaze zikauke, usizisimamishe maji yakashuka kwenye mpini.

#48 Mwana_Lamu

Nina swali la pembeni. Sisi tunaoswali, mtu anajipamba saa tisa, alasiri inaingia yuko harusini. Mnafanyaje? Mimi naondoa yote, naanza upya, nachelewa ukumbini.

#49 Bi_Mkunazini

Shika udhu kabla ya kujipaka na uulinde. Ukitenguka, kinachozuia maji kifike kwenye ngozi kiondoke, na fandesheni hizi za kuganda zinazuia. Zamani tulikuwa na wanja na liwa, ukinawa maji yanapita. Ndiyo maana harusi zetu za ukumbini nyingi zinaanza baada ya isha, kila mtu kashamaliza.

#50 Binti_Ruwi

Huku pia ni hivyo hivyo, baada ya isha. Na joto linakuwa limepungua, hata mekapu inakushukuru.

#51 Mwana_Lamu

Shukran sana bibi.

#52 Fundi_Spei_Gerezani

Nuru, ukichanganya lile tone leta picha ya karatasi zote mbili, ya zamani na mpya. Mchana, sio chini ya LED.

#53 Nuru_wa_Kimara

Nitaleta Jumamosi. Nimeanza na jeli ya nywele, nimeiacha. Kungwi, ya pili iliyokolea nitaitafuta mwisho wa mwezi, nitapima kwenye paji sasa au bado taya?

#54 Kungwi_wa_Sinza

Ya pili pima kwenye paji, pembeni karibu na sikio.

#55 Bi_Mkunazini

Na jeli ikishatoka kichwani vizuri huenda hiyo ya pili hutaihitaji. Usikimbilie kutoa hela.

#56 Mtoto_wa_Geti_Kali

Wakati tunasubiri Jumamosi, mimi kope za bandia zinanishinda. Nikibandika huku upande wa pua unanyanyuka. Gundi nimebadilisha, bado.

#57 Wambui_Rongai

Unaweka ikiwa bado maji maji. Paka gundi kwa kope, ipepee hadi ianze kunata, karibu nusu dakika. Halafu kabla ya hiyo pima kope kwa jicho lako na ukate ile inayozidi, kata upande wa nje, si wa pua. Ikunje kidogo kwa vidole iwe na mviringo wa jicho. Kama inanyanyuka upande wa pua mara nyingi ni ndefu kuliko jicho lako.

#58 Mtoto_wa_Geti_Kali

Sijawahi kukata hata siku moja! Naenda kujaribu sasa hivi.